Pompe ya Delphin

Kabla ya vita, Séphora Kavira alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza katika shule moja ya kata ya Shari, mjini Bunia, na wale waliofundisha naye wanasema kicheko chake kilisikika hadi barabarani. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Butembo waliohamia Bunia akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikulia sokoni, nyuma ya magunia ya chumvi na maharage. Alipokuwa mkubwa aliolewa na Katsuva, Mnande mwenzake mwenye duka la sabuni na mafuta ya kupikia. Wakajaliwa mtoto mmoja, Delphin. Walisubiri wa pili, hakuja.

Delphin alizaliwa na kifua kibovu. Kila kiangazi, vumbi jekundu la Bunia lilipoanza kutimka chini ya magurudumu ya malori, kifua chake kililia kama filimbi. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu anayebeba mzigo mzito ngazini. Majirani walikuja na dawa zao. Mmoja alileta majani ya mkaratusi ya kufukiza, mwingine akaleta kundi la maombi lililoimba hadi likakauka koo. Sista wa kituo cha afya ndiye aliyewaambia kwamba ule ni ugonjwa wa pumu, asthme kwa lugha ya waganga wa Bunia, na kwamba mtoto akibanwa avute dawa ya pompe, kile kichupa kidogo cha buluu kinachopuliza dawa kinywani.

Wakati ule pompe zilikuwa adimu Bunia. Katsuva aliagiza kwa madereva waliotoka Uganda, na ilipofika moja, Séphora aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akakata pindo la kitenge chake cha buluu chenye picha za ndege wa manjano, akashona kifuko kwa mkono, akakitia kamba, akamvalisha Delphin shingoni. Mtoto alilala nacho. Alicheza mpira nacho. Wenzake walimwita Monseigneur, kwa sababu kifuko kilining'inia kifuani kama msalaba wa askofu, naye akapenda jina hilo.

Mwezi wa Mei mwaka 2003 vita viliingia ndani ya mji wenyewe. Vijana wa vikundi viwili walikuwa wakigombea Bunia mtaa kwa mtaa, na watu wa kawaida wakauawa kwa sababu ya jina, kabila, au redio nzuri. Katsuva alikuwa Beni kununua bidhaa. Séphora hakungoja. Alimshika mtoto mkono, akaweka sufuria na nguo kidogo kichwani, akaingia katika ule umati uliokuwa ukitembea kuelekea Komanda. Nyuma yao mji ulikuwa unaungua. Mbele yao maelfu ya miguu yalikuwa yanatimua vumbi, na katikati ya moshi na vumbi alikuwa anatembea mtoto mwenye pumu.

Pompe ilifanya kazi yake. Kila kifua kilipoanza kubana, Delphin alivuta, akapumzika kidogo kando ya barabara, wakaendelea. Walipofika karibu na Marabo wakakuta kizuizi: gogo lililolazwa barabarani na vijana wenye bunduki. Mmoja wao, aliyeonekana kuwa mkubwa wa wengine, alivaa nywele za bandia za kike na kufunga kitambaa puani na mdomoni kwa sababu ya vumbi. Macho tu ndiyo yaliyoonekana, na hayo nayo yalikuwa mekundu kama ya kila mtu siku ile.

"Nini iko mu shingo ya mutoto?" aliuliza.

"Dawa, baba. Dawa ya asthme. Bila ile hawezi kupumua."

"Leta."

Séphora alipiga magoti. "Baba, nakuomba. Kamata kitenge, kamata sufuria, kamata miye kama unataka. Ile umuachie mutoto."

Yule mtu aliinama juu ya mtoto. Alikivuta kile kifuko, akakifungua, akaitoa pompe na kuitikisa karibu na sikio. Kisha akairudisha ndani ya kifuko, akatia kifuko katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo.

"Pita," alisema. "Wengine banangoya."

Delphin hakufika Komanda. Alibanwa mchana wa siku ya pili, kwenye mlima ambao Séphora hadi leo hataji jina lake. Alimtazama mama yake muda wote. Hakulia, maana pumzi ya kulilia hakuwa nayo. Alipokwisha kutulia, wanawake wasiomjua walifyeka nyasi, mwanamume mmoja akachimba kwa jembe alilokuwa amelibeba begani tangu nyumbani, na mtoto akazikwa kando ya njia akiwa amevikwa kile kitenge cha buluu kilichokatwa pindo.

Séphora alimkuta mume wake Beni. Katsuva alilia miezi mingi, kisha akaanza kulala tena, kisha akaanza kula. Yeye Séphora hakulia. 

"Siye bado vijana," Katsuva alimwambia siku moja. "Mungu anaweza kutupatia mwengine."

"Sitaki mwengine. Nataka mutu moja tu, ule wa barrière, pale kwa gogo."

"Unatafuta mutu bila uso, Séphora."

"Iko na sauti."

Waliishi hivyo kwa muda, mmoja akitazama mbele na mwingine akitazama nyuma, na mwishowe Katsuva akarudi Butembo kwa ndugu zake. Hawakugombana. Séphora yeye alirudi Bunia mara tu barabara ilipofunguka. Watu walimshangaa. Nyumba yake ilikuwa imevuliwa mabati, duka limebaki kuta. Aliwaambia kwamba amekuja kufundisha, na ni kweli alifundisha, lakini aliyerudi si yule mwanamke wa kicheko. Sokoni alisimama nyuma ya wanaume akiwasikiliza wanavyopatana bei. Kanisani aliposali Baba Yetu alifumba midomo kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, akaifumbua tena baada ya hapo, na mwimbaji aliyekaa kando yake aliliona jambo hilo lakini hakuthubutu kumuuliza. Kila mwanamume wa rika lile aliyefungua kinywa, Séphora alimpima. Huyu? Hapana. Yule? Hapana. Alijizoeza kumwazia yule mtu kama mpumbavu, mlevi wa bangi aliyechukua pompe kwa kuichezea, akaipuliza hewani akicheka na wenzake hadi ikaisha. Picha hiyo aliilisha kila siku, ikanenepa.

Mwaka 2006 alifika Bunia daktari mmoja mwanamke kutoka Kisangani, Docteur Mbuyi, mtu mnene, mpole, asiyependa kupoteza muda. Alitaka kuchunguza kwa nini watoto wengi wa mji na wa kambi za wakimbizi walikuwa wakikohoa na kubanwa kifua. Je, ni moshi wa makaa? Ni ukungu unaoota chini ya mahema ya plastiki? Ni mende, ni vumbi la magodoro, ni kitu wanachokula? Alipangisha nyumba yenye uwanja mkubwa, akatafuta watu wa kuwahoji wazazi kwa lugha zao. Séphora aliposikia neno asthme, aliacha kazi yake ya shule akaenda kuomba hiyo.

"Ju ya nini unataka kazi hii?" daktari alimuuliza.

"Nilikuwaka na mutoto ya asthme."

"Iko wapi?"

"Alikufa mu vita."

Docteur Mbuyi alimtazama kidogo, kisha akamwambia aanze Jumatatu.

Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Alijifunza kuchora mistari kwenye mkono wa mtoto na kudondosha matone, tone la vumbi la godoro, la mende, la manyoya ya paka, la karanga, kisha kudonoa ngozi kwa sindano fupi na kungoja. Ngozi isiyopatana na kitu ilivimba mahali pake kama imeumwa na mbu. Alijifunza kuwapulizisha watoto mrija wa kupimia pumzi, na kwa vile alikuwa mwalimu alijua kuwachekesha ili wapulize kwa nguvu. Wazazi walikuja na hofu zao. Wengine walisikia kwamba damu ya watoto inauzwa ng'ambo. Séphora aliwatuliza, akawauliza maswali, akasikiliza. Mara nyingine, mtoto alipoinama mbele na kuweka mikono juu ya magoti, ilibidi atoke nje.

Hippolyte alikuja asubuhi moja na binti yake, Vanessa, msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa vizuri. Alikuwa mpasuaji mbao, na unga wa mbao ulikuwa umemkaa kwenye nyusi na masikioni. Alivua kofia kabla ya kuketi. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya adabu, na Séphora aliipima kama alivyopima zote. Hapana, alijiambia. Yule alikuwa akisema kwa kukata. Wala hakufikiria kwamba mtu aliyefunga kitambaa mdomoni husikika tofauti.

"Alianza kubanwa kifua wakati gani?"

"Tangu iko mudogo. Mama yake vile vile alikuwaka na hii mugonjwa. Alikufaka mu kuzaa. Vanessa anakulia kwa mama yangu, Mama Bénédicte."

"Munapikaka na nini?"

"Makala ya moto. Na mabaki ya mbao."

"Mutoto amekwisha kutumia pompe?"

Hippolyte akatabasamu. "Eeh, mama. Ile njo ilimuokoa. Wakati ya vita alikuwa karibu kufa, moshi ilikuwa mingi sana. Nilipata moja. Tulimupatia pole pole, pole pole, ikafika mpaka kiangazi kikaisha."

Swali lililofuata katika karatasi lilihusu kuku na mbuzi. Séphora hakuliuliza.

"Ulipata wapi?"

"Njiani."

"Njia gani?"

"Ya Komanda." Alimnyooshea binti yake ukosi wa gauni. "Ilikuwa mu kafuko ka kitenge, ka buluu, na tundege. Alikavaa mpaka kakapasuka. Eh, Vanessa? Unakumbuka?"

Msichana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na haya.

Séphora aliuliza habari za kuku. Akauliza watoto wangapi wanalala chumba kimoja. Mkono wake uliandika majibu kwa mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama vizuri. Kisha akawapeleka kwa mwenzake wa matone, akazunguka nyuma ya nyumba penye tangi la maji, akang'ata mkono wa blauzi yake hadi kitambaa kikatoboka.

Kilichomchoma hakikuwa kumpata. Alikuwa ameota kumpata mara nyingi mno. Kilichomchoma ni kwamba yule mtu alijua. Sasa Séphora alikumbuka jinsi alivyoitikisa ile pompe karibu na sikio, kama anayekagua kama bado ina dawa, na jinsi alivyofunga kifungo cha mfuko. Miaka yote hiyo Séphora alimchukia mpumbavu. Kumbe pale kizuizini alisimama baba aliyejua ile ni nini kuliko mtu yeyote barabarani, akamtazama mtoto aliye mbele yake, akamfikiria mtoto aliye nyumbani, akachagua. Halafu akasema, pita.

Jumapili alimtafuta binamu yake Mbusa, dereva wa lori wa njia ya Niania, aliyekuwa amepumzika kituo cha malori akila samaki kwa mkono. Akamweleza yote. Mbusa aliacha kula.

"Taja jina," alisema. "Jina na kartie, ule mtaa anakaa, basi. Kule kwa soko ya mbao niko najua batu. Hautasikia hata kelele."

"Hapana."

"Hapana nini? Si ule njo ulimutafuta?"

"Akikufa anapumuzika. Miye sitaki apumuzike."

"Sasa unataka nini, dada?"

"Nataka ajue. Nataka mukono yake ijue, na macho."

Mbusa alisukuma sahani ya samaki kando. Alikuwa mtu aliyeona mengi katika njia zile, lakini baadaye alisema kwamba siku hiyo dada yake ndiye aliyemwogopesha.

Katika uchunguzi wa Docteur Mbuyi kulikuwa na kipimo cha mbio. Mtoto alipuliza mrija, akakimbia kuzunguka uwanja hadi achoke vizuri, kisha akapuliza tena, ili ionekane kama mbio zinambana. Wengi hawakubanwa. Waliobanwa walipewa pompe papo hapo, na dakika chache baadaye walikuwa wanacheka. Sheria ya daktari ilikuwa moja tu, kwamba pompe iwe mkononi mwa mhudumu kabla mtoto hajaanza kukimbia. Séphora alipewa usimamizi wa uwanja huo. Mwenyewe aliuomba.

Siku ya Vanessa, alikuwa na pompe mbili katika mifuko ya koti lake. Iliyokuwa kulia ilijaa. Ya kushoto aliitoa katika sanduku la zilizokwisha.

Msichana alikimbia vizuri mwanzoni, miguu mirefu, vumbi dogo nyuma yake. Baba yake alisimama kivulini akimpigia makofi. Katika mzunguko wa mwisho alipunguza mwendo, akaweka mkono kifuani, akaja kuketi kwenye benchi akiinama mbele. Filimbi ilikuwa imeanza.

"Baba Vanessa," Séphora aliita. "Kuja umusaidie. Kamata."

Akampa ile ya kushoto.

Hippolyte aliitikisa kwa mazoea, akaiweka kinywani mwa binti yake, akabonyeza. Ikatoka hewa tupu, mlio mkavu. Akaitikisa tena. Akabonyeza. Akaipeleka sikioni.

"Mama, hii haina kitu."

"Ndiyo. Haina."

"Leta ingine!"

"Bonyeza tu. Miye nilibonyeza mikono yangu mitupu. Weye hata uko na pompe."

Alimtazama bila kuelewa. Vanessa alikuwa anavuta kwa mabega sasa, na shimo lilikuwa linaingia chini ya koo lake kila alipovuta.

"Mama, mutoto anakufa!"

"Unakumbuka kafuko ka buluu?" Séphora aliuliza. "Ka tundege? Nilikashona miye. Kwa mukono hii. Mutoto yangu aliitwa Delphin. Ulikuwa na perruque, nywele ya wanamuke, na kitambaa mu pua, pale Marabo, na miye nilikuwa chini, hapo, kama vile utakuwa sasa hivi."

Uso wa Hippolyte ulibadilika. Haukuwa uso wa mtu anayesingiziwa. Ulikuwa wa mtu aliyefikiwa. Akapiga magoti vumbini mbele yake, ile pompe tupu ingali mkononi.

"Nakuomba," alisema. "Fanya yote unataka juu yangu. Ile umupatie mutoto."

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa ameyangojea. Alikuwa amejipangia kwamba akiyasikia tu, mkono wake utaingia mfuko wa kulia. Lakini haukuingia. Alisimama, akamtazama yule mtu chini, na utamu wa ajabu ukamjaa kinywani, utamu asioujua tangu kuzaliwa, akataka uendelee kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kilichokuja kumtisha baadaye. Vanessa alikuwa amegeuza macho. Hakumtazama baba yake aliyekuwa akilia. Alimtazama yeye, mwalimu, yule mama aliyemchekesha wiki iliyotangulia ili apulize mrija, na hakuonekana kumwogopa hata kidogo. Alikuwa anangoja tu asaidiwe.

Séphora akaitoa pompe iliyojaa. Akaiingiza katika chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, kama daktari alivyowafundisha, akaweka mdomo wa chupa kwenye mdomo wa mtoto, akabonyeza, akamhesabia pumzi kwa sauti ya darasani. Tena. Tena. Filimbi ikapungua. Rangi ikarudi kwenye midomo. Msichana akaegemea bega lake, naye akamwacha aegemee.

Alikwenda mwenyewe kwa Docteur Mbuyi akamweleza, hakubakiza kitu. Daktari alisikiliza akiwa amesimama. 

"Uliweka kisasi yako juu ya mapafu ya mutoto," alisema.

"Ndiyo, docteur."

"Nilikupatia watoto ya watu. Nilikuamini."

"Ndiyo."

"Na unajuta?"

"Juu ya mutoto, ndiyo. Juu ya baba, hapana."

"Toka. Usirudi hapa tena."

Séphora alivua koti, akalikunja vizuri, akaliacha juu ya kiti. Hakumlaumu daktari. Angekuwa yeye angemfukuza kwa makofi.

Watu waliosikia habari walidhani ametosheka. Hawakumjua. Jumatatu yake alikuwa kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa jeshi. Afisa aliyempokea alichoka kabla hajaketi.

"Mama, batu bamekufa maelfu mu Ituri. Weye unakuja na pompe?"

"Kama pompe haitoshi, nitaleta vingine."

Na alileta. Kwa miezi mingi alizunguka Shari, Mbunya na kambi za wakimbizi, nyumba kwa nyumba, akiwatafuta waliopita Marabo siku zile. Kazi ya uchunguzi ilikuwa imemfundisha kuuliza bila kutisha na kunyamaza mtu anapotafuta maneno. Alimpata Hortense, mjane aliyenyang'anywa mbuzi katika kizuizi kilekile, na mume wake akachukuliwa. Mume hakuonekana tena. Akampata fundi cherehani aliyevunjwa mkono kwa kitako cha bunduki. Wote walikumbuka zile nywele za kike. Hakuna aliyejua ni nani alikuwa ndani yake, hadi Séphora alipowaambia.

Hippolyte hakukimbia. Askari walipomjia walimkuta kwenye mbao zake, akaomba anawe kwanza.

Kesi ilisikilizwa hadharani, katika ukumbi wenye joto, watu wamejaa hadi madirishani. Séphora hakukosa hata siku moja. Aliketi mstari wa mbele, pale ambapo mshtakiwa hangeweza kuinua macho bila kumwona. Hippolyte alikubali kizuizi, akakubali mbuzi, akakana kumuua mume wa Hortense, ingawa alisema anajua walikompeleka, na akapataja. Watu wakaguna. Habari ya pompe ilipofikiwa, wengine walicheka kwa kutojua, wakanyamazishwa. Mwishoni hakimu alimuuliza kama ana neno.

Alisimama, akamtazama Séphora kwa mara ya kwanza.

"Mama, sitakudanganya," alisema. "Mambo ingine yote naomba pardon. Lakini ile siku, kama ingerudi leo, na Vanessa iko vile alikuwa, ningeichukua tena."

Ukumbi ulivuma kwa hasira. Hortense alimtukania Hippolyte mama yake. Séphora peke yake alibaki ameketi. Katika yote aliyoyasikia mahakamani, hilo ndilo alilolisadiki bila shaka, kwa kuwa alijua naye angefanya nini pale kizuizini, kama bunduki ingekuwa mkononi mwake na kifuko kingekuwa shingoni mwa mtoto mwingine. Hilo halikumpunguzia uchungu. Lilimpa tu adui anayemjua.

Hippolyte alihukumiwa kifungo kirefu. Séphora alisikiliza hukumu hadi neno la mwisho, akafunga kitenge chake kiunoni, akatoka.

Nje, kwenye ngazi, aliketi bibi mmoja mwenye miguu iliyovimba, na Vanessa kando yake. Ni Mama Bénédicte, mama yake Hippolyte. Aliinua uso.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," Séphora alijibu. "Nimefurahi."

"Bon. Na sasa, nani atakuwa anapeleka mutoto kwa docteur? Miye hii miguu haifike. Pompe imeisha tangu wiki yenye ilipita."

"Si miye."

 Vanessa aliangalia vidole vyake. Séphora akashuka ngazi, akapita katikati ya watu waliotaka kumpa mkono, akashika barabara kubwa ya mji. Alitembea haraka kama mtu aliyefukuzwa. Kwenye kona ya kwenda kwake hakukata. Aliendelea hadi lango la Docteur Mbuyi, akasimama nje, mahali alipokatazwa kuvuka. Ndani alikuwako Viviane, msichana aliyechukua nafasi yake uwanjani, akiosha chupa za plastiki.

"Viviane! Kuja kidogo."

Viviane alikuja akipangusa mikono, akiwa na wasiwasi.

"Mama Bénédicte, bibi ya Vanessa, hawezi kutembea. Banakaa nyuma ya soko ya mbao, nyumba iko na mulango ya kijani. Mupeleke mutu na pompe leo. Leo, unasikia? Usingoye docteur arudi."

"Niseme ni nani amenituma?"

"Usiseme."

Akageuka akaenda zake, hakungoja kuona kama Viviane ameingia ndani. Njiani alipishana na wanaume watatu waliokuwa wakisemezana kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu Marabo hakutega sikio. Hasira ilikuwamo bado kifuani, nzima kabisa. Alikwenda nayo hadi nyumbani, akawasha makaa, akapika.